Poni aliyeokolewa kwa ajili ya watoto: maswali mnayotuuliza kila siku

Tangu Zabibu, poni wetu aliyeokolewa, aje kwetu, simu yangu haipumziki. Wanauliza mawifi wa Tanga, wanauliza majirani Waswahili hapa Leicester, na wanauliza wazazi ninaokutana nao madrasa Jumamosi ninapowapeleka watoto. Nimechoka kuandika jibu lile lile kwenye ujumbe wa simu, kwa hiyo nimeyakusanya maswali yote hapa. Sisi ni familia ya watu watano, tumeishi Uingereza miaka kumi na miwili, na hatukuwahi kufuga chochote kikubwa kuliko kuku. Ninayoyasema nimeyajifunza zizini, na mengine kwa kukosea.

Poni ni mtoto wa farasi?

Hapana. Poni ni farasi wa aina fupi, na hata akizeeka atabaki mfupi. Kwa kawaida asiyezidi sentimita 148, kupimwa pale shingo inapokutana na mgongo, ndiye huitwa poni. Wale wa Shetland hawazidi sentimita 107, chini ya kifua cha mtu mzima. Zabibu ana sentimita 114, rangi ya kahawia iliyoiva, na singa nyeusi nene inayomfunika macho.

Kwa nini hamkununua poni mzuri aliyefunzwa?

Kwanza, aliyefunzwa vizuri na mpole kwa watoto ni ghali mno. Pili, na hili ndilo lililotushika moyo, tulimwona mmoja. Kulikuwa na uwanja mtupu karibu na barabara tunayopita kwenda shule, na majira ya baridi moja wakatokea poni watatu pale. Hakuna aliyejua ni wa nani. Kwato zao zilikuwa zimekua mpaka zikajikunja mbele kama viatu vya kizamani. Binti yangu wa kati alikuwa akihesabu kila asubuhi kama bado wako watatu. Tulipiga simu, na baada ya siku kadhaa wakachukuliwa.

Zabibu si mmoja wa wale, lakini historia yake ni hiyo hiyo. Nchi hii baada ya mdororo wa uchumi wa 2008 ilijaa farasi wasio na bei. Watu walizalisha kupita kiasi, soko likaanguka, wakawatupa kwenye mashamba ya wengine. Tatizo lilikua hadi Bunge likapitisha sheria ya 2015 inayomruhusu mwenye shamba huku England kumwondoa mnyama aliyeachwa kwake, asipojitokeza mwenyewe ndani ya siku chache. Mwaka 2008 huo huo, shambani karibu na Amersham, walitolewa farasi, poni na punda zaidi ya 100 waliokuwa wakifa njaa katikati ya mizoga ya wenzao. Wanyama hawa wapo wengi, na vituo vya kuwaokoa vimejaa. Kila mmoja anayepata nyumba anaachia nafasi ya mwingine.

Nianzie wapi kutafuta?

World Horse Welfare ni shirika la kazi hii ya farasi peke yake, tangu 1927, na lina vituo England na Scotland. Redwings wako Norfolk, Bransby wako Lincolnshire, na RSPCA nao hutoa farasi na poni. Kila shirika lina ukurasa wenye picha na maelezo ya kila mnyama: umri, kimo, tabia, anachokiogopa, na kazi anayoiweza. Yasomeni maelezo kabla ya kuangalia picha. Watoto wataangukia kwenye picha, na ni haki yao, lakini wewe mzazi soma.

Msichukue poni wa bure kutoka kwa mtu msiyemjua kwenye mtandao kwa sababu eti naye "ameokolewa". Shirika lina daktari aliyemchunguza na mtu aliyekaa naye miezi. Wa mtandaoni ana hadithi tu.

Akishakuja anakuwa wenu?

Hapa ndipo mawifi wanaponicheka: "Mnalea mali ya watu!" Ndiyo. Mashirika mengi hayatoi umiliki. Unasaini mkataba, unalipa ada ya mara moja, unabeba gharama zote za matunzo, na mkaguzi anakutembelea mara kwa mara, pengine bila taarifa. Huwezi kumuuza, wala kumzalisha, wala kumpa rafiki yako.

Nami mwanzoni nililiona jambo hili kama dharau. Sasa nalishukuru. Mume wangu alipopunguziwa kazi mwaka jana, usiku tulikaa tukipiga hesabu, na kitu kimoja hakikutukosesha usingizi: tukishindwa kabisa, Zabibu atarudi kituoni, hatauzwa mnadani. Poni anaishi miaka 25 hadi 30. Kuna farasi aliyeitwa Old Billy, alivuta mashua za mfereji huko kaskazini mwa England na akafa 1822 akiwa na miaka 62. Katika umri wote huo maisha ya familia yanabadilika mara ngapi? Ulinzi ule ni wa mnyama, na ni wetu pia.

Wanaangalia nini kabla ya kukubali?

Sisi tulikataliwa mara ya kwanza, na walikuwa na haki. Tuliandika fomu kana kwamba tunaagiza baiskeli: watoto watatu, wanataka kupanda, tunaomba mpole. Shamba tulilotaka kukodi lilikuwa na uzio wa seng'enge, na hakukuwa na mnyama mwingine. Poni hakai peke yake. Ni mnyama wa kundi; akitengwa hulia, hutembea ukingoni mwa uzio mchana kutwa, na wengine huugua.

Tukarudi kujifunza. Kwa miezi minane tulikwenda kila Jumapili kwenye zizi la kukodi la mama mmoja mwenye farasi jike mzee, tukizoa kinyesi na kubeba maji, bila poni wa kwetu. Mwishowe mama yule akakubali Zabibu akae na jike wake. Mkaguzi alipokuja mara ya pili alizunguka uzio wote kwa miguu, anapitisha kiganja juu ya kila ubao. Kwenye kona ya mbali akapata msumari uliotokeza. Akaung'oa kwa koleo alilokuwa nalo mfukoni, akautia mfukoni, akaendelea kutembea bila kusema neno. Wiki tatu baadaye tukapigiwa simu.

Tunaishi ghorofani. Tunaweza?

Mnaweza, mkikodi nafasi kwenye shamba la karibu. Mwongozo wa serikali ni nusu hekta hadi hekta moja ya malisho kwa kila farasi kama hapewi chakula kingine. Poni mdogo hutosheka na pungufu. Ila kama shamba liko mbali zaidi ya nusu saa, acheni. Mtakwenda mara mbili kwa siku, mvua inyeshe, theluji ianguke. Januari kijana wangu huvunja barafu kwenye pipa la maji kabla ya shule, kwa kisigino cha buti.

Anakula nini?

Swali hili nalijibu kirefu kwa makusudi, kwa sababu ndipo sisi Waswahili tutakapowaua hawa wanyama kwa mapenzi.

Kwetu mgeni hulishwa. Mnyama aliyetoka kwenye njaa, mkono wenyewe unakwenda kwenye karoti. Lakini mababu wa poni ni wa milima na nyika zenye majani makavu yasiyo na rutuba, na mwili wake unajua kutunza kila punje. Mweke kwenye majani mabichi ya England mwezi wa Aprili na Mei, yaliyojaa sukari, naye hunenepa upesi, kisha hupata laminitisi. Huu ni ugonjwa wa kwato. Tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba na kuanza kuachia, na mfupa unaweza kuzunguka na kushuka. Hebu fikiria ukucha wako unang'oka, na wewe umelazimika kuusimamia. Wengi hulazimika kuuawa kwa huruma.

Dalili zake nimebandika jikoni: anasita kutembea, hasa kwenye ardhi ngumu, anasimama ameegemea nyuma kama anayekimbia vidole vyake, kwato zina moto, na ukibonyeza nyuma ya kifundo cha chini utausikia mshipa unapiga kwa nguvu. Binti yangu wa kati, ana miaka kumi, huupapasa mshipa ule kila jioni. Siku moja aliniambia, "Mama, leo unagonga." Nikadhani anajipa wasiwasi. Nikaweka vidole vyangu na mimi nikausikia, dup, dup, kama saa. Daktari wa mifugo alikuja usiku ule ule. Tuliwahi.

Kwa hiyo Zabibu anakula majani makavu, yaliyopimwa kwa mizani. Kipimo cha kawaida ni kati ya asilimia 1.5 na 2 ya uzito wake kwa siku. Yeye ana kilo 210, basi ni kilo tatu hadi nne na kidogo. Tunayaloweka kwenye maji kwanza kama unavyoloweka mbaazi, ili sukari ipungue, halafu maji yale tunayamwaga. Majira ya kuchipua anafungiwa kisehemu kidogo cha shamba, au anavishwa kikapu cha mdomoni kinachomwachia kula kidogo kidogo. Wageni wanamwonea huruma. Mimi nawaomba wasimpe kitu.

Msimpe majani yaliyokatwa kwa mashine ya bustani, hata kidogo. Na ng'oeni mmea uitwao ragwoti, wenye maua ya manjano: sumu yake huharibu ini polepole, na hatari zaidi ni ukishakauka ndani ya majani makavu, kwani ule uchungu unaomfanya aukwepe hupotea. Mbegu na miche ya mti wa sikamori nayo inaua.

Inagharimu kiasi gani?

Mnyama mwenyewe ndiye kitu cha bei rahisi kuliko vyote. Sisi tunalipa pauni 30 kwa wiki za malisho na banda. Fundi kwato huja kila wiki sita hadi nane, pauni 40 kwa kuzikata tu. Zabibu havai viatu vya chuma. Anayepigilia viatu lazima awe amesajiliwa kisheria, tangu sheria ya 1975, kwa hiyo msimwite mjomba mwenye nyundo. Ongeza chanjo ya pepopunda na ya mafua ya farasi, meno kukaguliwa kila mwaka, kinyesi kupimwa minyoo, majani makavu ya majira ya baridi, na bima. Mwaka mzima sisi tunazidi pauni 3,000, na huo ulikuwa mwaka wa neema. Usiku ule wa laminitisi na matibabu yaliyofuata vilikula akiba yetu ya kwenda nyumbani. Kama pesa hiyo ingekuwa ya kodi ya nyumba, ningewaambia msianze.

Bima ya kulipa madhara kwa watu wengine ni lazima muwe nayo. Kwa sheria ya wanyama ya 1971, poni akitoroka akaingia barabarani, mnaweza kudaiwa hata kama hamkuzembea. Uanachama wa juu wa chama cha farasi, British Horse Society, unayo bima hiyo ndani yake.

Watoto watampanda lini?

Pengine kamwe. Nalisema mapema kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapovunjika moyo.

Mashirika huwagawa wanyama: wa kupandwa, wachanga watakaofunzwa baadaye, na wale wa kuwa wenza tu, ambao migongo au miguu yao haibebi. Wa kundi la mwisho ndio wengi na ndio wanaosubiri muda mrefu. Kama watoto wenu ni wadogo na nyinyi wenyewe ni wanafunzi, mfikirieni huyo. Kumsugua, kumwongoza kwa kamba, kumfundisha kuvuka ubao na kusimama akiambiwa, kumtembeza njia za mashambani: mtoto hujifunza mnyama kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kujifunza kwa makalio.

Zabibu alikuja akiwa anaruhusiwa kubeba mtoto mwepesi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni mzigo wote, tandiko likiwemo, usizidi asilimia 20 ya uzito wa mnyama, na pungufu ni bora. Kwake ni kilo 42. Kitindamimba wetu ana kilo 23, hana shida. Lakini kaka yake, ambaye ndiye aliyeanza ndoto yote hii, alikuwa na miaka kumi na mitatu na kilo 47. Siku ya mizani alisimama, akasoma namba, akashuka bila neno. Tulikwenda nyumbani kimya. Kwa wiki nzima hakufika shambani.

Aliyemrudisha si mimi. Zabibu alikuwa amefungwa asubuhi moja na hakutaka fundi kwato amshike mguu wa nyuma. Kijana akaja, akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya poni, akabaki hivyo. Mguu ukainuliwa. Tangu siku ile fundi haanzi kazi bila kumuulizia. Anapanda farasi wakubwa kwenye shule ya upandaji kwa masomo ya kulipia mara mbili kwa mwezi, lakini wake ni Zabibu.

Atawazoea baada ya muda gani?

Sisi ilituchukua karibu mwaka. Mkiahidiwa wiki mbili msiamini. Siku za mwanzo kituo kitawaambia mumtenge na wengine wiki kadhaa, kwa hofu ya ugonjwa wa majipu ya koo unaoambukiza vibaya. Tumieni muda huo kukaa karibu naye tu, hata kusoma kitabu.

Zabibu alikuwa akiogopa kitambaa kinachopepea. Hatukujua mpaka siku nilipokuja na kanga begani, upepo ukaivuta, naye akakata kamba akakimbia mpaka mwisho wa shamba. Binti yangu akaichukua kanga ile ile, akaifunga kwenye uzio wa mbali. Kila siku akaisogeza hatua moja. Siku ya ishirini na kitu Zabibu alikuwa akila majani yake chini ya kanga, pindo likimgusa sikio, naye hana habari.

Binti anaweza kupanda na hijabu?

Ndiyo. Hijabu nyembamba iliyobana, isiyo na pini wala fundo, ndani ya helmeti iliyopimwa naye akiwa ameivaa. Mwonyesheni picha za Khadijah Mellah wa Peckham, aliyejifunza Ebony Horse Club pale Brixton, akashinda mbio za Magnolia Cup huko Goodwood mwaka 2019 akiwa na miaka 18 na hijabu yake. Helmeti ikigonga ardhi kwa kishindo, tupeni nunueni nyingine, hata kama haina ufa. Viatu viwe na kisigino kifupi, mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko.

Na twahara? Farasi si najisi?

Farasi mwenyewe si najisi. Mate yake na jasho lake havina shida. Kinyesi na mkojo, kwetu sisi Mashafii, ni najisi, basi tuna nguo za shamba zinazokaa kwenye gari, na ndoo yake. Mama mkwe alikuwa na mashaka makubwa mpaka shehe wa msikitini kwao alipomsomea hadithi ya Mtume isemayo kheri imefungwa kwenye nywele za paji la farasi hadi Siku ya Kiyama. Sasa kila akipiga simu huanza na Zabibu, ndipo atuulize sisi.

Karatasi gani zinatakiwa?

Kila farasi hapa lazima awe na pasipoti, na huku England tangu Oktoba 2020 lazima awe na chipu shingoni, mkubwa kwa mdogo. Shirika hukukabidhi pasipoti pamoja na mnyama; ikae alipo.

Watoto wakichoka je?

Watachoka. Wa kwetu walichoka mwezi wa Novemba, giza saa kumi jioni na tope mpaka magotini. Kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, mzazi ndiye anayewajibika kwa mnyama wa mtoto aliye chini ya miaka 16. Niliwaambia ukweli: kupanda si lazima, kucheza naye si lazima, lakini maji na chakula havina likizo, na siku usipoweza, uniambie nitakwenda mimi. Nimekwenda sana. Kama wewe mzazi hutaki kusimama kwenye tope na tochi mdomoni, usichukue poni kwa ajili ya watoto.

Huko nyumbani tunaweza kufanya hivi?

Farasi kwetu ni mgumu kumfuga. Maeneo mengi yana mbung'o, na kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na wadudu wadogo wanaouma, nao huua upesi. Punda ndiye wetu. Walioishi Lamu wanakijua kituo cha punda kilichoanzishwa 1987 na shirika la Waingereza la Donkey Sanctuary. Punda wengi wa mji ule wametibiwa bure pale. Mkiwa na shamba Tanga au Kilifi na mnataka watoto walee mnyama, anzeni na punda wawili waliochoshwa na mizigo. Karibu yote niliyoyaandika hapa yanawahusu, pamoja na ule mkono wa kulisha kupita kiasi.

Anasikia Kiswahili?

Anakisikia kuliko Kiingereza chetu. Tulianza kwa Kiingereza kama tulivyofundishwa kituoni, lakini kitindamimba alikuwa akimsemesha kwa maneno ninayomwambia yeye: "Njoo", "Taratibu", "Haya, simama", "Pole, mama." Watoto wangu wananijibu kwa Kiingereza nyumbani, na bibi yao akipiga simu hugugumia. Shambani nawasikia nikiwa ng'ambo ya uzio, wote watatu, wanamweleza Zabibu mambo ya shule kwa Kiswahili kirefu, pamoja na yale wasiyoniambia mimi. Huwa nasimama pale na ndoo ya maji mpaka wamalize.